Kazi ya Mbunge Asiye Waziri



Tumeombwa kueleza kazi ya mbunge wa Uingereza aketiye viti vya nyuma. Hana wizara wala askari. Silaha yake ni swali, na waziri hutarajiwa kulijibu, hata kwa kuzungukazunguka.

Sisi wa Kakamega hatujasahau Desemba 1932, sheria ya ardhi ilipogeuzwa ili dhahabu ichimbwe bila wenyeji kupewa ardhi nyingine badala yake. Wabunge waliuliza kule London. Sheria ikasimama vivyo hivyo.

Habari ya Hola yaonyesha zaidi. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walikufa kambini. Tangazo la serikali likasema walikufa baada ya kunywa maji. (Sisi makarani twajua jinsi sentensi kama hiyo inavyotungwa.) Uchunguzi ukabainisha kwamba walipigwa. Bibi Barbara Castle, mbunge wa Blackburn, aliyekuwa amefika Kenya mwaka 1955 kuchunguza dhuluma, hakukubali jambo lifunikwe. Tarehe 27 Julai mjadala uliendelea hata kupita usiku wa manane, ndipo Enoch Powell, mtu wa chama kile kile kilichotawala, akasimama kuishutumu serikali. Hakuna waziri aliyejiuzulu siku ile. Hata hivyo maneno yao yalichapwa, na yangali yasomeka.

Kwa hiyo twaomba kila lalamiko liletwalo kwa katibu wetu liwe na tarehe, mahali na majina ya mashahidi. Lisilo na hayo, waziri hulipangua kwa neno moja.