Hakuna Anayeamua Peke Yake: Wazee, Vikao na Imani ya Wapresbiteri wa Kenya



Anayetaka kulijua kanisa huenda ibadani Jumapili. Kwa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, PCEA, ningemshauri aulizie pia kikao cha wazee cha jioni ya siku ya kazi. Wakristo wote hukiri kwamba Kristo ndiye kichwa cha kanisa. Wapresbiteri wamelichukua ungamo hilo mpaka kwenye utaratibu wa mikutano. Kichwa ni kimoja, basi hakuna askofu. Na kwa kuwa mwanadamu hubaki mwenye dhambi hata baada ya kuokoka, hakabidhiwi madaraka akiwa peke yake. Mchungaji hushika kiti katika kirk session, yaani kikao hicho cha wazee, lakini uamuzi ni wa kikao. Juu yake kuna presbiteri, yaani baraza la sharika kadhaa, na juu kabisa Mkutano Mkuu, ambao moderata wake huongoza kwa muhula wake kisha akarudi kuwa mchungaji kati ya wachungaji. Mafundisho ya John Calvin kuhusu dhambi yamekuwa, kwa vitendo, kanuni za kuendesha mkutano.

Mpango huu ulitoka Scotland. Misheni ilianzia Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898. Huko ilikuta jamii iliyokuwa ikijitawala kwa kiama, yaani baraza la wazee, na wengi husema ndiyo maana Upresbiteri ulishika mizizi upesi. Kauli hiyo ina ukweli, ila inaficha jambo. Waumini wengi wa mwanzo, walioitwa athomi, yaani wasomaji, walikuwa vijana. Nyumbani hawakuwa na haki ya kusema mbele ya wazee. Kanisani walianza kusikilizwa. Mwaka 1926 Musa Gitau, Benjamin Githieya na Joshua Matenjwa wakawekewa mikono kuwa wachungaji wa kwanza Waafrika wa misheni hiyo.

Miaka mitatu baadaye ukaja mtihani ambao mpaka leo unauma. Misheni, Dkt. John Arthur akiwa mbele, iliwataka waumini waweke alama ya kidole gumba, kirore, kuapa kwamba wanaikataa tohara ya wasichana na pia chama cha siasa cha Kikuyu Central Association. Nasema bila kusita: katika kuulinda mwili wa msichana, misheni ilikuwa na haki, na wapo wazee Waafrika waliokuwa na msimamo huohuo. Lakini kuliunganisha suala hilo na siasa, kisha kumdai mtu kidole chake kana kwamba ni mdeni, kulikiuka msingi wa Upresbiteri wenyewe. Shauri lililopaswa kuzungumzwa kikao kwa kikao lilishushwa kama amri. Watu waliondoka kwa wingi, na shule huru za Wakikuyu zikastawi kutokana na mpasuko huo.

Tazameni sasa Jumapili ya Meza ya Bwana. Meza imetandikwa kitambaa cheupe. Mchungaji anaumega mkate, kisha wazee wanaondoka mezani na sahani na trei za vikombe vidogo kuwaendea watu waliokaa. Mkate unapita mkono kwa mkono: mama wa Woman's Guild, chama cha wanawake wa kanisa, aliyejifunga kitambaa chake anampa kijana aliye pembeni yake, naye anampa jirani. Mtu anapewa ushirika na jirani yake, na mzee wa kanisa siku hiyo ni mhudumu. Yule yule mzee ana wilaya yake, kundi la nyumba anazozitembelea. Anajua nani amelazwa, nani amefiwa, nani ana mtoto wa kubatizwa. Ubatizo huo wa mtoto mchanga huwafunga wote kwa ahadi, kwa kuwa usharika mzima huahidi kumlea.

Baada ya ibada, uani, mnada: jogoo, mkungu wa ndizi, nduma, miwa iliyoletwa kama sadaka. Watu hupandisha bei kwa furaha, na mara nyingi mnunuzi humrudishia mchungaji au mjane kile alichonunua. Nauhesabu mnada huu kuwa sehemu ya historia ya neno kubwa la PCEA, Jitegemea. Mwaka 1971, akiwa Marekani, Mchungaji John Gatu wa PCEA alitoa wito kwamba wamisionari na fedha za nje zisitishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yake. Wito huo ulizua mjadala katika makanisa ya dunia nzima. Nyuma yake walikuwapo watu waliokwisha kuzoea kulisha kanisa lao kwa mazao ya shamba.

Hata hivyo, baraza la wazee linaweza kuwa ukuta. Nyambura Njoroge alikuwa mwanamke wa kwanza kuwekewa mikono kuwa mchungaji wa PCEA, mwaka 1982, wakati wanawake walikuwa wamebeba kazi za usharika kwa miongo mingi. Vikao vilichelewa, na ucheleweshaji huo ni deni.

Nina ombi moja kwa chuo hiki. Kila kirk session ina karani, na kila karani ana kitabu cha kumbukumbu za kikao. Humo mna mashauri ya ndoa, nidhamu, njaa, ardhi na shule, yaliyoandikwa na watu ambao hawakuandika kingine chochote. Vitabu vya zamani vinaliwa na mchwa kabatini. Idara ya historia na presbiteri wakubaliane kuvipiga picha, kwa idhini ya vikao vyenyewe, kuanzia vituo vya zamani vya misheni: Thogoto, Tumutumu na Chogoria.