Kubadilisha Gasketi ya Hedi kwa Mikono Yetu



Madereva wengi wametuomba tuseme juu ya gasketi ya hedi, nasi leo twasema. Tutachukua mfano wa Peugeot 504, gari lililoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968 na kushinda Safari Rally hapa kwetu mwaka 1975, kwa sababu wengi wetu tumelijua kwa kulipanda, kulisukuma na kulilipia.

Kwanza jambo la kazi. Dereva aona maji yapungua kila siku, moshi mweupe watoka nyuma hata injini ikiwa imepata moto, mapovu yapanda ndani ya rejeta. Amwambia mwenye gari. Ajibiwa: ongeza maji, endelea. Siku injini ikifa, yeye ndiye akatwaye mshahara. Ndugu, mjulishe mwenye gari kwa barua, weka nakala, na gari lisimame. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, kila maili moja yala mabeari, na hapo si kazi ya gasketi tena.

Tena gasketi haiungui bure. Tazama rejeta iliyoziba, mpira uliotoboka, feni, pampu ya maji, themostati iliyokwama. Mwenye kutia gasketi mpya na kuacha rejeta chafu ataifungua hedi mara ya pili.

Sasa kazi yenyewe. Injini iwe baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi, maji yatakurukia usoni. Toa waya wa betri, mwaga maji ya rejeta na ya bloku, fungua paipu za juu, ekizosi na roka. Fimbo zinazosukuma valvu zichomeke katika katoni lililotobolewa na kuandikwa namba, ili kila moja irudi mahali pake. Boliti za hedi zilegeze kidogo kidogo, kutoka nje kwenda katikati.

Hapa ndipo wengi huharibu. Silinda za 504 ni laina za chuma zilizotiwa ndani ya bloku, na maji huzizunguka. Chini yake kuna siili. Ukiing'oa hedi kwa nguvu laina zaweza kuinuka nayo, siili zikaharibika, na maji yakashuka kwenye oili. Basi iyumbishe kwanza mpaka iachie, ndipo uinue. Ikishatoka, zibane laina kwa boliti na washa pana, na mtu yeyote asiizungushe injini. Bisibisi lisichomekwe kati ya hedi na bloku: hedi ni ya aluminiamu, hukwaruzika upesi.

Safisha pole pole, bila mashine ya kusagia. Weka rula ya chuma juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana, na toka pembe hata pembe. Bamba la kupimia la milimita 0.05 likipenya chini ya rula, peleka hedi kwa mwenye mashine ya kunyoosha. Matundu ya boliti yakauke; maji au oili iliyobaki humo haina pa kwenda, na boliti ikikazwa yaweza kupasua bloku. Gasketi mpya ilinganishe na ya zamani, tundu kwa tundu.

Kukaza ni kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha injini ile. Nguvu ya mkono si kipimo: aliyekula na mwenye njaa hawakazi sawa. Kisha pima nafasi za valvu, tia oili na filta mpya, jaza maji pole pole hewa itoke. Iwashe, ipate moto, izime, ipoe, utazame maji tena. Kitabu kikisema hedi ikazwe mara ya pili baada ya safari za kwanza, usipuuze.

Spana ya kupimia mkazo ni ghali kwa mtu mmoja. Tumeiomba kamati inunue moja ya tawi zima. Atakayeiazima ataandika jina lake na kuirudisha kesho yake. Ikimwanguka, aseme, maana kipimo chake chaweza kupotea na mwenziwe ndiye atakayeharibikiwa.