Unyanjano Ulipoingia Kibanjani

Ndugu wasikilizaji, wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tungezungumza juu ya bei ya maharage. Naomba radhi, maharage yatasubiri. Nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Kaisho, naye anauliza hivi: alijiwekea lengo la kuezeka nyumba yake mwaka huu, mabati alikwisha anza kuyanunua, mara mama yake akaugua, na fedha zote zimeishia hospitalini. Sasa anataka kujua kama akope ili aezeke, au aliache lengo lenyewe kabisa.

Sina jibu la kitabuni. Nitamweleza yaliyonipata mimi, kisha apime mwenyewe.

Nilipomaliza stashahada yangu ya uandishi wa habari nilijipangia kufanya kazi miaka michache, halafu niende Dar es Salaam kuchukua shahada. Mpango huo niliuandika kwenye karatasi, nikaukunja na kuutia katika pochi. Mwaka niliouandika ulikuwa 2013. Fedha zingetoka kwenye mshahara wangu kidogo, na sehemu kubwa kwenye kibanja cha baba. Wale msioijua Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe, niwaambie kwamba kibanja kwetu ndicho benki. Migomba iko juu, mibuni iko chini yake, na katikati yanapandwa maharage. Mkungu wa ndizi unalisha nyumba, unaozidi unapanda lori. Ndizi za pombe zinatoa rubisi, na rubisi inatoa ada. Kahawa ndiyo inayojenga.

Mwaka ule ule wa 2013 unyanjano ukaingia kibanjani mwetu.

Wengi mnaujua ugonjwa huu, lakini vijana wa mjini huenda hawaujui. Wataalamu wanauita mnyauko bakteria wa migomba. Ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, katika mmea ulio jamaa ya mgomba, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaripotiwa mkoani Kagera. Huja kimya. Ua dume, lile linaloning'inia kwenye ncha ya mkungu, huanza kusinyaa. Majani hugeuka manjano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi huiva kabla ya wakati, na ukiikata unakuta ndani imeoza na ina rangi ya kutu. Ukikata shina, unatoka uji wa manjano. Nyuki na wadudu wengine wanaotembelea maua hueneza vijidudu hivyo, na panga la mkulima mwenyewe huvieneza zaidi. Baba alikuwa na panga moja tu, na kila jioni alipita nalo kibanja kizima akipunguzia majani, kwa bidii, kama alivyofundishwa na baba yake.

Agizo la siku hizo lilikuwa moja: ng'oa shina lote na machipukizi yake, zika, choma panga kwenye moto au lisafishe kwa jiki, na usipande mgomba mahali hapo kwa miezi sita au zaidi. Baba alikataa kwa wiki tatu. Wiki ya nne nilimkuta ameshika jembe. Hakunisalimu. Nilivua viatu nikachukua jembe la pili, na kwa siku nne tuling'oa migomba ambayo mingine ilikuwa na umri kunizidi.

Barua ya kukubaliwa chuoni nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa.

Hapa nataka tusimame kidogo. Siku ya tano asubuhi alikuja mtu kwa pikipiki, mtu mpole, anayejulikana na wote. Alikaa na baba barazani. Mnafahamu alichokuja kufanya. Ni ile biashara tunayoiita butura: mkulima anapewa fedha wakati kahawa iko maua au ingali mbichi mtini, na msimu ukifika, mavuno yote ni ya mwenye fedha, kwa bei ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeikataa. Serikali imeipiga marufuku, vyama vya msingi vinaikemea, lakini haifi, kwa sababu anayekuja na fedha hufika siku ambayo mwenye kibanja ana shida.

Baba alikuwa anauza kahawa ya misimu miwili ili mimi niende chuo.

Nilisema hapana. Nilisema mbele ya mgeni, jambo ambalo kwa mila yetu si adabu, na nimekwisha kuliombea radhi. Mgeni aliondoka. Baba hakunisemesha hadi nilipopanda gari kurudi Kayanga. Nilifikiri amekasirika kwa kuaibishwa. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba ile shahada haikuwa yangu peke yangu. Alikwisha waambia wenzake kilabuni kwamba mwanawe anakwenda Chuo Kikuu. Mimi nilipoikunja karatasi yangu nilikunja na ya kwake, wala sikumuuliza.

Basi, kijana wa Kaisho, hilo la kwanza. Kabla hujaamua, keti na mama yako. Huenda bati hizo anaziota yeye kuliko wewe. Au huenda unajitesa kwa nyumba ambayo yeye hana haja nayo mwaka huu.

La pili ni la mkopo. Nimeona wilayani kwetu watu wengi walioanguka, na wengi wao hawakuangushwa na ugonjwa wa migomba wala wa kahawa, ingawa kahawa nayo ilipigwa na mnyauko wake, ule wa fuzari, ulioonekana Kagera mwaka 1997. Waliangushwa na kutaka jambo lile lile, kwa ukubwa ule ule, kwa tarehe ile ile, wakati chanzo cha fedha kimekwisha kufa. Harusi ilipangwa ya ng'ombe wawili, migomba ikanyauka, harusi ikabaki ya ng'ombe wawili. Kahawa ikauzwa maua. Mwaka uliofuata hakukuwa na kahawa wala ng'ombe.

Lakini nisieleweke vibaya. Wako wanaosimama majukwaani kuwaambia wakulima "badilikeni," kana kwamba kubadilika ni kugeuza shati. Mtu aliyepoteza kibanja ana haki ya kuomboleza. Mimi niliomboleza miaka mitatu, na sikuwa mtangazaji mzuri miaka hiyo. Niliwaonea wivu wenzangu waliokwenda.

Aliyenizindua ni mama mmoja niliyemhoji sokoni Nkwenda kwa ajili ya kipindi cha kilimo. Naye aling'oa. Alikuwa amekusudia kujenga nyumba ya vyumba vinne kwa fedha ya rubisi. Nilimuuliza, pole mama, na ile nyumba? Akacheka. "Mwanangu, nimejenga viwili, kwa maharage. Msingi ni wa vinne. Mvua hainyeshei msingi ikauharibu, inanyeshea watoto." Nilizima kinasa sauti nikakaa juu ya gunia lake.

Miaka michache baadaye ikaniangukia habari nyingine. Nilipewa karatasi ya kusoma hewani, ya maelekezo mapya kwa wakulima. Ilisema kwamba utafiti, pamoja na ule uliofanywa mashariki mwa Kongo, umeonyesha kuwa ugonjwa hauwi lazima umeenea kwenye mashina yote ya kisiki kimoja. Inatosha kukata lile shina linaloumwa, usawa wa ardhi, mara tu dalili inapoonekana, kuondoa maua dume kwa kijiti chenye panda, na kusafisha vifaa, ukirudia hivyo bila kuchoka. Hakuna haja ya kung'oa kibanja kizima. Nilisoma hadi mwisho bila sauti kutetemeka, kazi ni kazi. Lakini nilijua baba anasikiliza, redio yake haizimwi.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Nilishuka Omurushaka nikapanda gari la Nkwenda, njia nzima nikitafuta la kusema. Nilimkuta kwenye migomba mipya, ile tuliyoipanda baada ya ardhi kupumzika, ameshika kijiti chenye panda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekusikia."

"Tuling'oa bure, baba."

"Tuling'oa kwa tulichokijua." Akaendelea kuvunja ua. Halafu, bila kugeuka: "Na ile shule?"

Nilimweleza kuhusu Chuo Kikuu Huria, kwamba mtu husoma akiwa kazini, wala si lazima ahamie Dar es Salaam. Nikamweleza pia kwamba mwaka huo sitaweza, kwa kuwa mdogo wangu wa mwisho yuko kidato cha tatu na ada yake ni juu yangu. Na kwamba huenda nisisome tena utangazaji. Siku hizi nataka kusoma mambo ya kilimo.

Tulipoingia ndani alinionyesha kalenda ukutani, ile ya chama cha msingi.

"Andika mwaka," akasema.

Nikamwambia mwaka huo haumo kwenye kalenda hiyo.

"Andika pembeni."

Niliuandika. Ulipofika nilikuwa sijawa tayari, akaufuta mwenyewe kwa kalamu yake na kuandika mwingine chini yake. Yote miwili iko pale, na kalenda yenyewe imekwisha chakaa. Juzi nimejaza fomu.