Moyo wa Mtoto Aliye Tumboni Hauuzwi Dukani
Mazungumzo na wananchi wa Kalemela, mkoani Simiyu



Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mizani ya pamba, mbegu zisizoota na vifurushi vya simu vinavyokwisha kabla ya wakati. Leo tumekuja kwa sababu ya bidhaa nyingine, ndogo kiasi cha kuingia mfukoni, ambayo muuzaji wake humgusa mama mahali alipo dhaifu kuliko penginepo pote: hofu yake juu ya mtoto ambaye bado hajamwona.

Kifaa hicho huitwa dopla. Hutangazwa katika simu, kwa picha ya mama anayetabasamu huku amekishika juu ya tumbo, na maneno ya kuahidi kwamba hutalala tena na wasiwasi. Pamoja nacho zipo programu za simu zinazodai kwamba ukiiweka simu yenyewe tumboni utausikia moyo wa mwanao. Tulipokuwa tukiingia hapa, baba mmoja alituuliza kama afadhali auze mbuzi anunue dopla, maana mkewe yu katika mwezi wa nane na usiku hapati usingizi. Swali hilo ni la mtu mwenye mapenzi, na linastahili jibu kamili.

Tuanze na anachokifanya mkunga. Nyote mmekiona kile kifaa cha mti, cha bati jepesi au cha plastiki, chenye umbo la tarumbeta fupi. Wakunga hukiita fetoskopu. Alikibuni daktari wa Kifaransa, Adolphe Pinard, mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo hakijabadilika sana, kwa kuwa kazi yake ni moja tu: kuupeleka mlio wa moyo kutoka tumboni mpaka sikioni. Hakina betri. Mkunga hupapasa tumbo kwanza, autafute mgongo wa mtoto, kwa maana huko ndiko mlio husikika vizuri. Kisha huinama, akanyamaza, na kuhesabu. Wakati huo huo, mkono wake mwingine hushika kifundo cha mkono wa mama. Huo si mkono wa kubembeleza. Anapima mapigo ya mama, ili awe na hakika kwamba anayoyasikia ni ya mtoto na si ya mama mwenyewe. Likumbukeni jambo hilo, kwa sababu ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

Moyo wa mtoto aliyekaribia kuzaliwa hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Mama aliyetulia hupiga karibu nusu ya hapo. Wengi huingiwa na hofu kwa kuwa hawakuelezwa mambo mawili. Kwanza, mapigo ya mtoto hayasimami mahali pamoja: akicheza hupanda, akilala hushuka kidogo, na kupanda na kushuka huko ndani ya mipaka yake ni dalili njema. Pili, mapema katika ujauzito moyo huenda mbio zaidi, hata kufikia 170 karibu na wiki ya tisa, kisha hupungua kadiri mtoto akuavyo. Basi mama aliyeambiwa 165 mwanzoni, na leo akaambiwa 138, asidhani kwamba mwanawe amedhoofika. Amekua. Na wale wanaosema kwamba moyo wa mbio ni wa binti na wa polepole ni wa mvulana, hao wanacheza bahati nasibu ambayo nusu ya wachezaji hushinda.

Mapigo yakizidi 160 na kubaki huko, mkunga humtazama mama kwanza. Je, ana homa? Huku kwetu kanda ya ziwa malaria haiko mbali, na homa ya mama huukimbiza moyo wa mtoto. Huenda pia amepungukiwa maji mwilini, au chupa imepasuka muda mrefu na maambukizi yameingia. Mapigo yakiwa chini ya 110 na yakabaki chini, shaka huwa ni juu ya hewa: kitovu kimebanwa, au kondo la nyuma limeanza kuachia, au uchungu ni mkali mno na haumpi mtoto nafasi ya kupumzika. Hapo tuseme wazi jambo ambalo wazee wetu watatuvumilia: ziko dawa za miti shamba zinazonywewa ili kuharakisha uchungu. Kila tumbo linapokaza, damu iendayo kwa mtoto hupungua, linapolegea, hurudi. Dawa inayokazanisha tumbo pasipo kulegea humnyima mtoto hewa, na hakuna anayejua kipimo cha kikombe kile. Mama aliyekwisha kuinywa asifiche. Mkunga akijua, atamsikiliza mtoto kwa ukaribu zaidi.

Sasa turudi kwa dopla. Hii haisikilizi moyo kama sikio lisikiavyo. Hutuma mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia, mawimbi hayo hugonga kitu kinachotikisika na kurudi, na kifaa hugeuza mabadiliko yake kuwa mlio. Ule mlio kama wa punda akikimbia kwenye njia kavu umetengenezwa na mashine. Na tumboni kitu kinachotikisika si moyo wa mtoto peke yake: mshipa mkubwa wa mama unapita humo, na damu inakwenda na kurudi kwenye kondo la nyuma. Vyote hivyo hutoa mlio. Mama mwenye homa au mwenye hofu kubwa, ambaye moyo wake mwenyewe unakimbia mara 120, anaweza kuusikia moyo wake akaamini kwamba ni wa mwanawe. Mkunga huitambua tofauti kwa kuwa ule mkono wake mwingine umeshika kifundo. Mama aliye peke yake chumbani, saa nane za usiku, huko gizani, atajuaje?

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2009 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ habari za mama aliyehisi kwamba mtoto amepunguza kucheza, akajisikiliza kwa dopla yake nyumbani, akasikia mlio, akatulia, na kwa kutulia huko akachelewa kwenda hospitali. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliwaonya wananchi wake wasitumie vifaa hivi nyumbani bila usimamizi wa mtaalamu. Na hao ni watu ambao hospitali haiko mbali nao.

Kwa hiyo, baba uliyeuliza, jibu letu ni kwamba usimuuze mbuzi kwa ajili ya dopla. Muuze, ukitaka, kwa ajili ya nauli. Kuhusu programu za simu hatutapoteza muda: simu haina chombo cha kutuma mawimbi hayo, na kipaza sauti chake kilitengenezwa kwa ajili ya maneno.

Msituelewe vibaya, tukadhaniwa kwamba tunakichukia kifaa. Katika mikono iliyofundishwa kinafaa. Katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambayo miwili kati yake ni majirani zetu, ulifanyika mpango katika vituo 30 wa kuwapa wakunga vyombo bora vya kusikiliza mapigo ya mtoto pamoja na mafunzo ya mara kwa mara, na vifo vya watoto vikapungua. Lakini uko pia utafiti wa Uganda uliotolewa mwaka 2015, ambamo dopla ilitumiwa wakati wa uchungu na kulinganishwa na fetoskopu. Dopla iligundua watoto wengi zaidi wenye mapigo yasiyo ya kawaida, na hata hivyo haikuonekana tofauti katika hali ya watoto waliozaliwa. Ndivyo ilivyo: kuugundua moto ni jambo moja, kuwa na maji ni jingine. Kifaa kilichoko chumbani kwako hakina chumba cha upasuaji nyuma yake.

Ni nini basi kinachomlinda mtoto kati ya siku moja ya kliniki na nyingine? Ni kile ambacho mama anacho tayari na hakuna awezaye kumuuzia: anavyomhisi mtoto akicheza. Kila mtoto ana desturi yake. Mmoja huamka mama anapoketi baada ya kupika, mwingine husubiri mpaka taa izimwe. Tumekwisha kusikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao, kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hunyamaza kwa kuwa nafasi imekwisha. Maneno hayo yameponza watoto. Mchezo wake unaweza kubadilika, mateke yakawa kujipindua na kusukuma, lakini haukomi wala haupungui mpaka siku ya uchungu. Mtoto hulala, ndiyo, kwa dakika 20 hadi 40, na mara chache hupita dakika 90. Kunyamaza kwa nusu siku si usingizi.

Hatuwaambii mkae na kuhesabu mateke kila siku kama anayehesabu magunia. Shirika la Afya Duniani halikuliweka jambo hilo kuwa sharti kwa kila mjamzito. Linalotakiwa ni kuijua desturi ya mtoto na kusema inapobadilika. Ukiwa na shaka tu, kwa sababu siku nzima ulikuwa na kazi na hukutilia maanani, lala kwa ubavu wa kushoto mahali patulivu, umsikilize kwa mkono na kwa mawazo yako, muda wa saa moja au mbili. Lakini ukiwa na hakika kwamba amepunguza au ameacha, usilale hata kidogo. Nenda siku hiyo hiyo. Usingoje kuche, usingoje mume arudi kutoka ziwani, wala usijaribu soda baridi kwanza ili kumwamsha. Vivyo hivyo ukiona damu, au maji yametoka, au kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au una homa.

Ukifika, wewe si mwombaji. Huduma za mama mjamzito katika vituo vya umma ni bure kwa mujibu wa sera ya afya ya nchi yetu, na kusikilizwa kwa moyo wa mtoto ni sehemu ya huduma hiyo, si hisani. Mwambie mkunga tangu mwanzo, kwa maneno haya hasa: “Mtoto amepunguza kucheza tangu jana jioni.” Usiseme tu kwamba hujisikii vizuri, ukaachwa kwenye benchi pamoja na wenye mafua. Mapigo yahesabiwe kwa dakika nzima. Anayehesabu robo dakika na kuzidisha mara nne, akikosea mapigo mawili, amekosea manane. Kisha uliza: “Ni mangapi?” Namba hiyo ni yako na inapaswa kuandikwa kwenye kadi yako ya kliniki. Jibu la “yupo, anapiga” halitoshi. Na hata namba ikiwa nzuri, kama mtoto bado hachezi, sema tena, uulize kama unahitaji kupelekwa mahali penye kipimo kikubwa zaidi, kama vile utrasaundi.

Wakati wa uchungu wenyewe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka moyo wa mtoto usikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 uchungu unapokuwa umekolea, na kila baada ya dakika 5 wakati wa kusukuma. Tunajua kwamba katika zahanati nyingi mkunga ni mmoja na wazazi ni watatu. Hatusemi haya ili mwende kumgombeza. Tunayasema ili ndugu aliyekusindikiza ajue kwamba kumwita mkunga kwa upole na kumwambia “Dada, ni muda sasa hajasikilizwa” si utovu wa adabu. Kama mmenyimwa huduma au mmetozwa pesa zisizo na stakabadhi, mwendeeni mganga mfawidhi wa kituo. Asipowasikiliza, yuko mganga mkuu wa wilaya. Andikeni tarehe na saa. Lalamiko lisilo na tarehe hufa njiani.

Kuhusu safari. Tunaijua barabara ya mbuga wakati wa mvua, udongo ule mweusi unavyoshika gurudumu la bodaboda. Upo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ulioanza Sengerema na Shinyanga na tangu 2022 ukapanuliwa kwenda nchi nzima. Namba yake ni 115, na kuipiga hakuna malipo. Anaweza kupiga mama mwenyewe, jirani, au mhudumu wa afya wa kijiji. Atakayepokea atatafuta gari la wagonjwa, na kama haliko karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo na si na familia. Mtaje kijiji na kitongoji, mtaje alama inayoonekana usiku, miezi ya mimba, na ni tangu lini mtoto hajacheza. Simu iachwe wazi, asiipige mwingine kuuliza habari, kwa maana dereva atapiga namba hiyo hiyo kuuliza njia. Na kadi ya kliniki isifungiwe sandukuni ambalo ufunguo wake amekwenda nao baba mnadani. Itundikwe ukutani, karibu na mlango.