Injini ya Mlima wa Usui



Leo tuzungumze habari za injini moja ya umeme ya Japani. Jina lake EF63. Kazi yake ilikuwa moja tu: mlima wa Usui.

Njia ile, toka Yokokawa hadi Karuizawa, ilikuwa kilometa 11 hivi. Kila ukienda mita 15, unapanda mita 1. Kwa miguu si kitu. Lakini kwa treni ni kazi kweli kweli, maana gurudumu la chuma huteleza juu ya reli. Tangu 1893 treni zilipanda kwa gurudumu la meno, polepole mno.

Mwaka 1963 meno yakaachwa, EF63 zikashika kazi yote. Zilitengenezwa 25. Zilifungwa mbili mbili, daima upande wa chini. Treni ikipanda, zinaisukuma. Ikishuka, zinaizuia isikimbie.

Treni ziliposimama Yokokawa kufungiwa injini, abiria walinunua wali ndani ya chungu. Watu wakapata riziki.

Tarehe 1 Oktoba 1997 ilifunguliwa reli mpya ya treni za kasi, inayopita kwingine. Siku moja kabla, njia ya Usui ilifungwa. Injini hazikushindwa kazi. Njia ndiyo iliyohama. Sasa kati ya miji ile miwili watu hupanda basi. EF63 chache zimehifadhiwa Yokokawa.

Ndugu zangu, njia mpya ikitajwa, tufurahi. Lakini tuulize mapema: je, sisi wa njia ya zamani tutasafiri vipi, na tutauza wapi?