Darasa la vyungu Bambu: udongo una mwenyewe



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo dogo: kuanzisha darasa la kufinyanga kwa watu wa Bambu, walioko kijijini na wale ambao bado wako Bunia. Sababu mnaijua. Kuni zikiisha, mama hutoka kambini kwenda mbali, na huko porini wako waliopigwa, walionajisiwa, na ambao hawakurudi. Mbabula ya bati yenye moyo wa udongo ndani hushika moto muda mrefu na kupunguza makala. Nchini Kenya jiko la namna hiyo limeenea tangu miaka ya 1980, na limewapa kazi wafinyanzi na mafundi wa bati. Safari ya kuni ikipungua, hatari nayo imepungua.

Wengine watauliza: mashine tutatoa wapi? Hazihitajiki. Kule Nigeria, mama Ladi Kwali alijifunza utotoni kwa shangazi yake kufinyanga kwa mkono. Mwaka 1954 aliingia katika chuo cha ufinyanzi cha Abuja, na baadaye akawa mwalimu. Miaka ya 1970 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda huko kujifunza, na leo kazi zake zimo katika majumba makubwa ya makumbusho. Basi kama kati yenu yupo bibi aliyewahi kufinyanga, huyo ndiye mwalimu wetu wa kwanza.

Sasa tusikilizane juu ya jambo gumu. Udongo una mwenyewe. Vita vya mwaka 1999 hapa Djugu vilianza na ugomvi wa mashamba, na tangu mwisho wa mwaka 2017 damu imemwagika tena. Kikundi kikienda bondeni na majembe bila kuuliza, watu watasema: wamekuja kutunyang'anya ardhi. Kwa hiyo kabla ya kuchimba kikapu kimoja, tukae na chefu na mwenye shamba, mbele ya mashahidi Wahema, Walendu, Wanyali na wengine. Tuandike mahali pa kuchimba, vikapu vingapi, malipo gani, na nani atafukia shimo mtoto asije akatumbukia. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti, kila upande ubaki na nakala.

Bambu ni nchi ya dhahabu, nanyi mnajua mashimo yake. Msichukue udongo pale watu wanapooshea dhahabu kwa zebaki, kwa sababu zebaki ni sumu, na ukichoma udongo huo moshi wake unaingia kifuani.

Kujaribu udongo ni rahisi. Viringisha kipande kinene kama kidole, ukikunje. Kikikatika mara moja, huo haufai peke yake. Ukiwa laini mno, changanya na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa na kuchekechwa, ili chungu kisipasuke kwa urahisi. Kisha kauka kivulini polepole, wiki moja au mbili. Chungu chenye maji ndani kikikutana na moto mkali, maji hugeuka mvuke na kukipasua. Kwa hiyo moto uanze mdogo, upande taratibu. Na tuchome vingi pamoja, ili tusimalize kuni zile zile tunazotaka kuziokoa.

Tunapendekeza darasa la watu kumi na wawili, si zaidi. Wawili wawili, kila mmoja kutoka upande wake, wakanyage udongo pamoja na wachome pamoja. Hatuwaombi wasahau waliowazika. Tunaomba tu kwamba kazi ya mmoja isikamilike bila mwenzake. Aliyehitimu afundishe wengine wawili.

Fedha nazo zahitaji mwanga. Mauzo yaandikwe kwenye daftari moja, lisomwe kila Jumamosi mbele ya wote. Sehemu iende kwa wafinyanzi, sehemu kwa mwenye udongo, sehemu ibaki kununua bati na kuni. Mweka fedha asiwe yule yule mwenye kuandika.

Wale ambao barabara ya kurudi Bambu bado si salama, wasilazimishwe. Waanze walipo, Bunia, kwa udongo ulioombwa kwa wenyeji wa hapo kwa utaratibu ule ule.

Ombi letu kwenu viongozi ni hili: wiki hii tafuteni mabibi wanaojua kufinyanga, mmoja kila upande, na mwenye bonde mmoja aliye tayari kuzungumza. Wakikubali kukaa kwenye mkeka mmoja, darasa limeanza.