Winchi ya Juu kwa Karakana ya Mwanachama

Hotuba ya Kamati ya Karakana mbele ya Mkutano Mkuu



Katika sherehe hii ya miaka kumi wengine wamekwisha kusema juu ya mazao na mizani. Sisi tumeombwa tuseme juu ya mizigo mizito, yaani namna mkulima awezavyo kuinua injini katika banda lake bila kuhatarisha viungo vyake.

Wengi wetu twakumbuka mwaka wetu wa pili. Mwanachama mmoja aliitundika injini ya mashine yake ya kusaga katika kenchi ya banda, mahali ambapo siku zote alitundika mizigo midogo bila neno. Kenchi ilipasuka, injini ikamwangukia mguuni, na mpaka leo hutembea kwa mkongojo. Hatukumlaumu, maana sisi wenyewe tulikuwa tukifanya vivyo hivyo, na tulipokosa kenchi tulitumia tawi la mwembe.

Kenchi huundwa ichukue mabati na kustahimili upepo. Haiundwi ivutwe chini, mahali pamoja, na kilo 300. Basi winchi na isimame kwa miguu yake yenyewe, uzito ushuke kwa nguzo mpaka ardhini, na paa liachiwe kazi yake.

Winchi tuliyoijenga ina nguzo nne za chuma zilizosimikwa katika zege, mbili kila upande. Juu ya kila jozi imelazwa reli. Boriti moja yavuka kutoka reli hii mpaka ile, nayo huenda mbele na nyuma kwa magurudumu. Chini ya boriti hiyo kigari kidogo huenda kulia na kushoto, kikichukua kapi la mnyororo, ambalo mafundi huliita cheni bloku. Hivyo ndoana hufika karibu kila mahali kati ya nguzo, wala umeme hauhitajiwi. Vyuma vyaweza kununuliwa vikuukuu, mradi havikupinda wala kuliwa na kutu. Nguzo zishikwe kwa vyuma vya mshazari, maana mzigo ukisukumwa huyumba. Na mwisho wa kila reli uwe na kizuizi imara.

Kapi lenyewe tusilitafute kwa bei ya kutupa. Kapi zuri lina breki ndani yake: ukiuachia mnyororo, mzigo husimama palepale. Mkono huvuta mnyororo mrefu na mzigo hupanda kidogo tu. Nguvu tuliyoiokoa twailipa kwa mwendo. Ndiyo sababu hata mtu asiye na nguvu nyingi huweza kazi hii.

Twaulizwa kila mara kama boriti fulani yafaa. Jibu lategemea urefu kuliko watu wadhanivyo. Kwa boriti ile ile na mzigo ule ule katikati, ukizidisha umbali wa nguzo mara mbili, kupinda kwake huongezeka mara nane. Basi anayetaka kuokoa fedha azisogeze nguzo. Mita 3 zatosha kwa injini. Mita 6, kwa banda la nyumbani, ni tamaa. Asiyeiweza hesabu hii atuletee vipimo vyake, wala hatutamtoza kitu.

Tena, minyororo miwili ya kufungia mzigo isitanuliwe mno. Pembe kati yake ikifika nyuzi 120, kila mmoja huvutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wote, kana kwamba mwenzake hayupo. Tulipoambiwa hivyo mara ya kwanza tulibisha, mpaka tulipopima kwa mizani ya ndoana.

Winchi yetu imekusudiwa kilo 500. Kabla ya kuitumia tuliinua jukwaa lenye mapipa matatu, sentimita chache tu juu ya ardhi, tukayajaza maji mpaka mzigo wote ukafika kilo 625, tukauacha saa nzima. Hakuna aliyeruhusiwa kupita chini yake, na hata leo haruhusiwi mtu.

Mwezi uliopita yule mwanachama wa mkongojo alikuja kuishusha giaboksi ya trekta yake. Aliketi juu ya kigoda, mnyororo mkononi, akaimaliza kazi peke yake. Alituomba neno moja tu: mnyororo wa mkono uongezwe nusu mita, ili aufikie vizuri akiwa ameketi. Tumekwisha kuuagiza.